Sauti ya Nyuma, Mkono wa Mbele: Uchambuzi wa Kisa cha Rubani wa Usiku na Mwendesha Rada Wake, Uingereza 1940–1941

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha kweli. Wahusika wake wakuu ni wawili: rubani wa Jeshi la Anga la Uingereza ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa marubani wa usiku waliotunukiwa nishani nyingi zaidi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mwenzake aliyeketi nyuma yake ndani ya ndege hiyohiyo akiwa na rada. Majina yao, namba ya kikosi chao na majina ya vituo walivyofanyia kazi nimeyaondoa kwa makusudi, ili msomaji asivutwe na sifa za mtu akasahau kuitazama kazi. Aina za ndege, utendaji wa vifaa, tarehe za matukio makubwa na majina ya viongozi wa umma nimeyaacha, kwa sababu bila hayo kisa hakifundishi kitu.

Swali ninalolifuata tangu mwanzo hadi mwisho ni moja. Ndani ya ndege ile, mwenye macho hakuwa na mikono, na mwenye mikono hakuwa na macho. Je, habari ilipitaje kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine kwa kasi na kwa uhakika wa kutosha hata wakaweza kumfikia adui gizani?

Usuli

Tarehe 7 Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilianza kuishambulia London kwa mfululizo, na zilipoona hasara ya mchana ni kubwa mno, mashambulizi yakahamia usiku. Hadi yalipopungua mwezi Mei 1941, raia zaidi ya 40,000 walikuwa wameuawa nchini Uingereza. Mchana nchi ilikuwa na kinga inayoeleweka: vituo vya rada vya pwani vilitazama baharini, watazamaji wa nchi kavu waliifuata ndege kwa macho mara ilipovuka ufuko, na rubani akielekezwa jirani na kundi la adui alijionea mwenyewe kutoka umbali wa kilomita nyingi. Usiku kila kiungo cha mnyororo huo kilikatika isipokuwa cha kwanza. Rada za pwani hazikutazama bara, watazamaji walibaki na masikio tu, na rubani aliyepelekwa hadi umbali wa kilomita kadhaa kutoka kwa adui alikuwa sawa na asiyepelekwa kabisa, maana kwenye giza lisilo na mwezi hata mita mia tatu ni mbali.

Udhaifu huo ulionekana waziwazi usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Novemba 1940, mji wa Coventry uliposhambuliwa na ndege zaidi ya 400 na watu zaidi ya 500 wakafa. Ndege za kuwinda usiku ziliruka zaidi ya mara mia moja, na hazikuangusha hata ndege moja. Kabla mwezi haujaisha, Hugh Dowding aliyekuwa mkuu wa ulinzi wa anga aliondoka na Sholto Douglas akashika nafasi yake. Kushindwa kwa ulinzi wa usiku kulikuwa miongoni mwa sababu.

Dawa iliyokuwa ikitafutwa ilikuwa rada ndogo ya kubebwa na ndege yenyewe, kazi iliyokuwa imeanza kabla ya vita chini ya Edward Bowen na wenzake. Mwezi Julai 1940 ndege aina ya Blenheim ya kitengo cha majaribio ilikuwa ya kwanza kuangusha adui usiku kwa msaada wa kifaa hicho. Lakini Blenheim ilikuwa nzito wa mwendo, na mara nyingi adui aliiacha. Majira ya vuli ikaja Beaufighter, ndege ya injini mbili yenye mizinga minne ya milimita 20 chini ya pua na bombomu sita mabawani.

Wahusika wetu wote wawili walitoka katika jeshi la anga la akiba, ambamo watu wenye kazi za kiraia walifanya mazoezi mwishoni mwa juma. Rubani alikuwa mrushaji wa majaribio katika kiwanda cha ndege. Mwenzake alikuwa fundi wa umeme, mtu mzima kuliko rubani wake, na katika kikosi alikuwa mpiga bombomu wa kiti cha nyuma. Walikuwa wamekwisha kuruka pamoja kabla ya vita katika ndege za mabawa pacha. Beaufighter ilipofika, kiti cha mpiga bombomu hakikuwamo. Palikuwa na nafasi ya mwendesha rada tu. Wapiga bombomu wengi walijikuta hawana kazi. Huyu akaamua kujifunza kazi mpya akiwa sajini, miongoni mwa watu ambao karibu wote walikuwa wanaanza sifuri kama yeye.

Kile alichokiona mtu wa nyuma

Inafaa kukaa hapa kidogo, kwa sababu asiyeelewa kioo cha rada hii hataelewa kwa nini maneno yalikuwa na uzito.

Mwendesha rada aliketi katikati ya mwili wa ndege, mbali na rubani, chini ya kuba dogo la plastiki angavu. Aliinama akaingiza uso ndani ya ala ya mpira iliyozuia mwanga, na mbele ya macho yake palikuwa na vioo viwili vidogo vya duara vyenye mstari wa mwanga wa kijani. Kioo kimoja kilionyesha kulia na kushoto, kingine kilionyesha juu na chini. Ndege nyingine ikiwa mbele, mstari ulitoa kitawi kidogo pande zote mbili. Kitawi cha kulia kikiwa kirefu kuliko cha kushoto, adui yuko kulia. Vikilingana, yuko mbele kabisa. Umbali ulisomwa kwa kutazama kitawi kimesimama wapi juu ya mstari.

Mawimbi ya kifaa hicho yalikuwa na urefu wa mita 1.5, na antena ndogo za ndege hazikuweza kuyakusanya yakawa mwale mwembamba. Yalitawanyika kila upande, yakagonga ardhi na kurudi. Kwa hiyo ndege ikiruka mita 4,500 juu, rada iliona takriban mita 4,500 mbele yake, na zaidi ya hapo mwangwi wa ardhi ulijaza kioo kwa umbo linalofanana na mti wa Krismasi na kumeza kila kitu. Kwa upande wa karibu, kifaa kilikuwa kipofu ndani ya takriban mita 150 kikiwa kizima, na ndani ya umbali mkubwa zaidi ya huo kikiwa na hitilafu.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa huu: kioo hakikuonyesha adui alipo angani, bali alipo kwa kulinganisha na pua ya ndege yao wenyewe. Rubani akikata kona kushoto, kitawi kilihama kulia ingawa adui hakugeuka hata kidogo. Ndege ikilala ubavu, "juu" ya kioo haikuwa tena juu ya dunia. Mtu wa nyuma alilazimika kutenganisha kichwani mwake, kila sekunde, mwendo wa adui na mwendo wao. Tena hakuweza kuinua uso kutazama nje, kwa kuwa macho yaliyozoea kijani cha kioo hayaoni gizani.

Mfululizo wa matukio

Majuma ya kwanza yalikuwa ya kukatisha tamaa. Wawindaji wa kikosi walipaa, wakazunguka, wakarudi. Mara rada ilikufa angani kwa unyevu au kwa tatizo la umeme. Mara mwangwi ulionekana ukapotea kabla rubani hajageuka. Mara waliruka kwa kasi mno wakampita adui bila kumwona.

Mafanikio ya kwanza ya rubani huyu kwa rada yalikuja mwezi Novemba 1940, siku chache baada ya Coventry, akiwa na mwendesha rada mwingine. Aliona taa za kumulika anga zimekusanyika mahali pamoja juu ya wingu, akaelekea huko, kifaa kikashika mwangwi, wakaangusha ndege ya mabomu aina ya Ju 88. Habari ilipofika magazetini, rada ilikuwa siri kubwa isiyoweza kutajwa, hivyo umma ukaelezwa kwamba rubani ana macho makali kama ya paka, na kwamba karoti zinasaidia kuona usiku. Nitalirudia jambo hili.

Baada ya hapo yule fundi wa umeme akamaliza kujifunza rada, na wawili hao wakaunganishwa tena, safari hii kwa kudumu.

Badiliko la pili lilikuja Januari 1941, vituo vipya vya rada ya nchi kavu vilipoanza kazi. Antena za vituo hivyo zilizungushwa, mwanzoni kwa nguvu za askari waliokanyaga pedali, na picha iliyopatikana ilikuwa kama ramani: ndege ya adui na ya kirafiki zilionekana kwenye kioo kimoja, zikisogea. Mwongozaji wa kituo sasa aliweza kuzungumza na rubani mmoja moja kwa moja kwa redio na kumsogeza hadi nyuma ya adui mmoja, ndani ya zile kilomita tatu au nne ambazo rada ya ndege ingeweza kuona.

Hapo ndipo kazi ilipofunguka. Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Aprili 1941 wawili hao waliangusha ndege tatu. Tarehe 7 Mei, Mfalme George VI akiwa ndani ya chumba cha kituo cha uongozaji akitazama kioo, mwindo mwingine wao ulikamilika mbele ya macho yake kwa kuangushwa kwa Heinkel 111, ndege ya mabomu ya Kijerumani.

Mwindo ulivyokwenda

Mwindo wa kawaida wa miezi hiyo ulikwenda hivi. Mwongozaji alimpa rubani mwelekeo wa kufuata na urefu, ambao kwa lugha ya mafumbo ulihesabiwa kwa "malaika", kila malaika mmoja akiwa futi elfu. Alimzungusha hadi ndege mbili zikawa zinaelekea upande mmoja, mwindaji nyuma na chini kidogo. Kisha akatoa neno la siri la kuwasha rada. Mtu wa nyuma akainama.

Akishapata mwangwi alisema, na kuanzia hapo mwongozaji alinyamaza. Ndani ya ndege ilibaki sauti moja. Maneno yake yalikuwa ya namna hii: kulia kidogo, nyooka, yuko juu yetu, mita elfu moja, mita mia nane, punguza mwendo taratibu, kulia tena, polepole, nyooka. Hapakuwa na kimya kirefu, kwa sababu kimya kingemfanya rubani ajiulize kama mwangwi umepotea, wala hapakuwa na maneno ya ziada. Rubani hakujibu ila pale ilipohitajika.

Walipofika mita mia mbili au mia tatu, rubani alitazama juu ya kioo cha mbele. Kwanza ziliweza kuonekana cheche hafifu za mabomba ya moshi, kisha kivuli kilichofunika nyota. Aliposema amemwona, mtu wa nyuma alinyanyua uso. Rubani akateleza chini ya kivuli, akakitazama hadi awe na hakika ya umbo la mabawa na mkia, akapanda polepole nyuma yake na kufyatua kutoka karibu sana. Ndani ya Heinkel walikuwamo watu wanne au watano, na mara nyingi hawakujua lolote hadi risasi zilipofika.

Katika Beaufighter za mwanzo kila mzinga ulikuwa na risasi 60 tu ndani ya kasha la duara, zikiisha kwa sekunde chache. Kazi ya kubadilisha makasha hayo mazito ilikuwa ya mwendesha rada. Alitambaa gizani, ndege ikiyumba, akayachomoa na kuyapachika mapya kwa kupapasa, kisha akarudi kwenye kioo kumtafuta upya adui ambaye sasa alikuwa akikwepa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wenye uzito ulikuwa wa kutowatenganisha. Ingewezekana kumpangia rubani yeyote aliye zamu mwendesha rada yeyote aliyepo. Hawa walishikamana, na sababu yake ni ya kiufundi kuliko ya urafiki. "Kulia kidogo" haina kipimo. Ni nyuzi ngapi? Kwa rubani mgeni ni nyuzi kumi, kwa mwingine tano. Baada ya safari nyingi pamoja, rubani huyu alijua kidogo ya mwenzake ni kiasi gani, na mwenzake alijua ndege itachukua muda gani kuitikia. Kipimo kilijengwa kati yao, na kisingeweza kuandikwa kwenye mwongozo.

Uamuzi wa pili ni wa rubani: kukubali kuongozwa. Yeye alikuwa ofisa, mwenzake sajini. Katika jeshi la wakati ule, na katika jamii ya Uingereza ya wakati ule, kwa dakika kumi za mwindo sajini ndiye aliyekuwa akimwambia ofisa la kufanya, na ofisa alitii bila kuuliza. Marubani ambao hawakuweza hilo walianza kubishana na kioo wasichokiona, wakageuka kwa hisia zao, wakapoteza mwangwi. Naona hapa ndipo ubora wa rubani huyu ulipokuwa, zaidi ya macho na mikono yake.

Uamuzi wa tatu ulihusu mwendo. Beaufighter ilikuwa na kasi kuliko Heinkel iliyojaa mabomu, na kishawishi cha kukimbilia kilikuwa kikubwa. Wao walichagua kukaribia polepole, kwa sababu mita 150 za mwisho rada ilikuwa kipofu: anayefika hapo kwa kasi humpita adui kabla jicho halijamshika, au humgonga. Kukaribia kutoka chini nako kulikuwa na sababu mbili, yaani adui aonekane dhidi ya anga lenye mwanga hafifu na mwindaji afichwe na weusi wa ardhi.

La nne, hawakufyatua kabla ya kutambua kwa macho. Anga la Uingereza usiku lilikuwa na ndege nyingi za kirafiki, na rada haikujua bendera. Sharti hilo liliwakosesha baadhi ya nafasi, na lilikuwa sahihi.

Matokeo

Hadi mwisho wa vita rubani huyu aliandikiwa ndege 20, zote isipokuwa moja zikiwa za usiku, na sehemu kubwa akiwa na mwenzake huyu. Kwa ulinzi wa usiku wa Uingereza kwa ujumla, hesabu ya ndege zilizodaiwa kuangushwa na wawindaji ilipanda kutoka 3 mwezi Januari 1941 hadi 4 Februari, 22 Machi, 48 Aprili na 96 Mei. Takwimu hizo zinajumuisha pia marubani wasio na rada waliosaidiwa na mwezi. Isitoshe, mashambulizi hayakukoma kwa sababu ya wawindaji peke yao: Ujerumani ilihamisha ndege zake kwenda mashariki kwa ajili ya uvamizi wa Umoja wa Kisovieti wa tarehe 22 Juni 1941. Anayesema rada iliushinda usiku mwaka huo anazidisha.

Kilichofaa

Mnyororo ulikuwa na viungo vitatu, kituo cha chini, mwendesha rada na macho ya rubani, na kila kimoja kilifanya kazi katika umbali wake: kituo kwa kilomita nyingi, rada ya ndege kwa kilomita tatu au nne, macho kwa mita mia kadhaa. Kabla ya Januari 1941 kiungo cha kati kilipewa mzigo wa cha kwanza, yaani kutafuta adui katika anga lote kwa kifaa kinachoona kilomita nne. Ndiyo maana wanaume walewale, wakiwa na rada ileile na ndege ileile, mara nyingi walirudi mikono mitupu Desemba na kufaulu Aprili. Msomaji anayetaka kueleza mafanikio ya Aprili kwa kipaji pekee atashindwa kueleza kushindwa kwa Desemba.

Jambo la pili lililofaa ni makabidhiano. Palikuwa na wakati unaojulikana ambapo mwongozaji alinyamaza, na wakati mwingine unaojulikana ambapo mwendesha rada alinyamaza. Watu wawili hawakumwongoza rubani kwa pamoja hata mara moja. Aliyekuwa na picha bora zaidi kwa umbali ule ndiye aliyesema.

Ninaongeza ufundi wa umeme wa mwendesha rada. Mtu aliyejua kwa nini kitawi kinatetemeka, au kwa nini pande mbili hazilingani hata adui akiwa mbele kabisa, aliweza kutofautisha ubovu wa antena na mwendo wa ndege. Wapiga bombomu waliopewa rada baada ya maelekezo mafupi hawakuwa na msingi huo, na kushindwa kwao katika majira ya baridi kulikuwa kosa la waliowafundisha.

Kilichokwama

Mwongozaji aliweza kushughulikia mwindaji mmoja kwa wakati mmoja. Usiku ambao ndege mia kadhaa zilipita, wawindaji wengine walisubiri zamu wakizunguka gizani huku mafuta yakiisha. Ustadi wa wawili hawa haukuwa na dawa ya hilo.

Pia adui aliyeruka chini alikuwa salama. Ndege zilizotega mabomu ya baharini karibu na maji zilijificha ndani ya mwangwi wa ardhi, na hakuna maneno ya mwendesha rada yaliyoweza kukitoa kitawi humo. Suluhisho lilitoka maabara. John Randall na Harry Boot, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, walikuwa wametengeneza mwezi Februari 1940 kifaa cha kutoa mawimbi ya sentimita chache, na rada zilizotokana nacho zilianza kufika vikosini mwaka 1942, zikiwa na mwale mwembamba uliokwepa ardhi.

Kisha kuna suala la karoti. Kuificha rada kulikuwa halali wakati wa vita. Lakini simulizi iliyochaguliwa kuificha ilikuwa na athari ambayo wachache waliitafakari: ilihamisha kazi yote kutoka kiti cha nyuma kwenda kwenye mboni za mtu wa mbele. Mtu mwenye macho ya paka hahitaji mwenzake. Rubani mwenyewe hakulipenda jina la utani la "Macho ya Paka" alilopewa, na lilimfuata maisha yake yote. Watu wengi hadi leo wanakumbuka karoti na hawajui kwamba nyuma ya rubani palikuwa na mtu mwingine.

Mfumo wa nishani nao ulikwenda njia hiyohiyo. Kwa mafanikio ya usiku mmoja, ndani ya ndege moja, ofisa alistahili Msalaba wa Urukaji Uliotukuka, unaojulikana kwa herufi DFC, na sajini alistahili medali ya DFM, iliyowekwa kwa ajili ya wasio maofisa. Mwendesha rada wetu alipata medali hiyo mara mbili kabla ya kupandishwa cheo na kupewa msalaba, na baadaye akapata pia nishani ya DSO, ambayo ni nadra kwa mtu wa kiti cha nyuma. Mgawanyo huo wa nishani kwa cheo uliendelea nchini Uingereza hadi mwaka 1993, medali ya DFM ilipoondolewa na msalaba ukawa wa wote.